Mguu Unarefuka Milimita 1 kwa Siku

Ajali ya bodaboda inaweza kukuachia mguu mmoja mfupi. Mtaalamu wa mifupa anaweza kuurefusha: anaukata mfupa, anafunga fremu ya vyuma kwa nje, na baada ya siku 5 hadi 10 unaanza kuivuta kwa skrubu. Njia hii ilianzishwa na Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950.

Kipimo ni milimita 1 kwa siku, robo robo mara 4. Ukivuta fasta, mfupa mpya haujengeki na mishipa ya fahamu inaumia. Ukizembea, mfupa unaunga kabla ya wakati. Sentimita 4 ni siku 40 za kuvuta, halafu miezi kadhaa ya mfupa kukomaa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Manyoni apige hesabu mapema: aombe kuahirisha masomo, atenge nauli za kwenda kliniki Dodoma au Dar. Nyumbani, safisha vyuma vinapoingilia kama ulivyoelekezwa, fanya mazoezi ya goti na kifundo kila siku, kula mayai, maharage na dagaa, sigara acha kabisa. Ukiona usaha au ukipata homa, usisubiri tarehe ya kliniki, wahi hospitali. Upasuaji ni wa saa chache tu, ila goti lililokakamaa linaweza kukusumbua miaka.