Miali ya Gama Juu ya Mibuni ya Ruiru

Msafiri atokaye Thika usiku wa Juni, akashukia Ruiru na kujitenga na taa za barabara kuu hata akafika kandokando ya mibuni, ainuapo uso huiona buruji ya Sumbula juu kabisa. Na humo, isipofikiwa na jicho tupu, imo kwasari iitwayo 3C 279, ambayo nuru yake imesafiri takriban miaka bilioni 5 hata kutufikia.

Kwasari ni kitovu cha galaksi ambamo shimo jeusi kubwa mno humeza gesi, na baadhi ya kwasari hufoka mkondo wa chembe ulioelekezwa kwetu. Juni 2015, 3C 279 iliripuka kwa miali ya gama, na mng'ao wake ukabadilika kwa muda wa dakika chache tu, jambo la ajabu kwelikweli.

Hewa yetu, Mungu ashukuriwe, huizuia miali hiyo. Kwa hiyo darubini haina budi kupaa. Kenya imo katika tarehe ya kazi hii: 15 Novemba 1972, setilaiti SAS-2 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaichungua miali ya gama hadi Juni 1973, umeme wake ulipoharibika. Natamani kila mwanafunzi wa Thika aijue habari hii.

Leo kazi ni ya darubini ya anga iitwayo Fermi, iliyorushwa mwaka 2008. Ndani yake mwali hupiga bamba jembamba la tangisteni, ukageuka elektroni na pozitroni, na nyayo za chembe hizo mbili zikafuatwa kinyumenyume hadi zilikotoka.