Kazi Haiishi Pipa Linapomwagwa

Ukiacha barabara ya Kisii–Keroka ukaingia Birongo, kaunti ya Kisii, nchi yote ni miinuko na mabonde. Juu kuna migomba na majani chai, katikati mahindi, na chini kabisa mikaratusi na kijito. Katika nchi ya milima kama hii, anayesaka chang'aa, pombe kali ya kienyeji, huanza kule chini kijitoni, na sababu yake ni ya kisayansi.

Mpishi huchanganya molasi au sukari guru na unga na hamira, akaacha mchanganyiko huo, yaani kangara, uchachuke kwenye pipa kwa siku kadhaa. Kisha huipika. Pombe, kwa jina la kitaalamu ethanoli, huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, na maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mvuke wa mwanzo hubeba pombe nyingi. Mvuke huo hauwi kinywaji mpaka upozwe, na kupoza kunataka maji baridi yasiyokatika. Ndiyo maana kikosi cha kupambana na pombe haramu na dawa za kulevya humhitaji mzee wa kijiji kabla ya kuhitaji gari la polisi. Yeye anajua kijito kipi kina njia iliyokanyagwa usiku.

Wananchi wengi huuliza: kikosi hiki ni cha nani, cha gavana au cha serikali kuu? Jibu limo katika Katiba ya Kenya ya 2010. Jedwali la Nne limezipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya pamoja na utoaji wa leseni za pombe. Polisi wamebaki chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo kaunti inaweza kumnyima mwenye baa leseni, lakini haina askari wa kumkamata mlanguzi, na polisi anaweza kumkamata mlanguzi, lakini hatoi leseni. Kikosi cha kaunti huwa na maana pale tu pande hizi mbili zinapokaa meza moja: maafisa wa leseni na wa afya ya umma upande wa kaunti, kamishna, manaibu wake, machifu, polisi, wapelelezi wa DCI (idara ya upelelezi wa jinai) na maafisa wa NACADA (mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya) upande wa taifa. Upande mmoja ukikosekana, baa iliyofungwa Jumatatu hufunguliwa Ijumaa.

Picha tulizozizoea ni za maafisa wakipindua mapipa, kangara ikitiririka shambani. Mimi nasema kazi ngumu huanza pipa likishamwagwa, na jina lake ni kielelezo. Hakimu wa Kisii hakuwapo kijitoni. Anachoweza kuona ni chupa iliyofungwa kwa lakiri, yenye tarehe, mahali ilipopatikana na sahihi ya aliyeichukua, pamoja na cheti cha Mkemia wa Serikali, ambaye ana maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kila mkono ulioishika chupa hiyo kutoka bondeni hadi mahakamani lazima uwe umeandikwa. Ukikosekana mmoja, wakili wa mshtakiwa atauliza swali moja tu: mnajuaje kwamba hii ndiyo ile? Kesi ikaanguka.

Kwa dawa za kulevya masharti ni makali zaidi. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994 inataka dawa zilizonaswa zipimwe uzito mbele ya mshukiwa na mtaalamu aliyeidhinishwa, na marekebisho ya 2022 yameufanya uzito kuwa kipimo cha adhabu ya ulanguzi. Kwa Kisii jambo hili ni la kila siku, kwa sababu mji huu uko kwenye barabara kuu itokayo Isebania, mpakani mwa Tanzania. Ng'ambo ya pili ni mkoa wa Mara, ambako wilaya ya Tarime imejulikana kwa miaka mingi kwa kilimo cha bangi. Gunia linalovuka hapo likielekea Nairobi huweza kupita Kisii. Mizani isipotumika ipasavyo, mwenye gunia anaweza kutoka mahakamani kabla ya kijana aliyekutwa na msokoto.

Kielelezo kinahitaji ulinzi kwa sababu nyingine inayouma zaidi. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu. Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alisema pombe hiyo ilikuwa kielelezo kilichoibwa katika kituo cha polisi cha Kiamaciri. Ilikwisha kunaswa, ikarudi sokoni, ikaua. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu hapo, kwangu mimi, swali la kwanza kwa kikosi chochote ni kielelezo kiko wapi, na nani ana ufunguo. Idadi ya lita zilizonaswa huja baadaye.

Sampuli inayopelekwa maabara kutoka kwenye kielelezo huokoa maisha pia. Pombe ya nafaka iliyochachuka vizuri huwa na methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki hutokea wauzaji wanapotia methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali kwa bei ndogo. Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi inayoharibu neva ya macho. Hatari yake ni kwamba mnywaji huweza kujiona mzima kwa saa 12 hadi 24, kisha akaanza kutapika, kupumua kwa shida na kuona ukungu mbele ya macho. Kiasi kidogo, kama vijiko viwili vya chai, kinaweza kupofusha. Matibabu yapo, lakini yanategemea kufika hospitali mapema. Matokeo ya maabara yakifichwa katika faili ya kesi bila kumfikia afisa wa afya, kijiji jirani kinaendelea kunywa pombe ileile.

Chang'aa yenyewe ina historia. Wazee wa Gusii walikuwa na amarwa, pombe ya wimbi, waliyokunywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, kwa adabu na kwa nafasi zake. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, tunayoiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliifuta marufuku hiyo na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na viwango. Ile ya kijitoni haina chochote katika hivyo viwili. Lakini anayeipika mara nyingi ni mama asiye na shamba la kutosha, katika kaunti ambayo sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Karo ya mwanawe imo ndani ya pipa lile. Ukilimwaga ukaondoka, atanunua lingine kwa mkopo.

Wanywaji nao hawaponi kwa kukimbizwa. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulionyesha kuwa Mkenya 1 kati ya 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya, na kwamba matumizi ya bangi yaliongezeka kwa asilimia 90 katika miaka 5. Hakuna seli za kutosha watu hao wote. Kikosi kisicho na mshauri nasaha wala mahali pa kumpeleka mraibu kimefanya nusu ya kazi.

Kwako mkazi wa Birongo, baraza la chifu likiitishwa, nenda, na uulize mambo matatu. Kesi za operesheni iliyopita zimefika wapi? Vielelezo viliharibiwa lini, na mbele ya nani? Waliotaka kuacha walipelekwa wapi kutibiwa? Na kama nyumbani kwako yuko anayehangaika na ulevi, piga 1192, namba ya NACADA isiyolipishwa. Piga leo, angali anaona.