West with the Night

West with the Night ni kitabu cha kumbukumbu cha Beryl Markham (1902–1986), rubani mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Kenya. Kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1942.

Yaliyomo

Markham alifundishwa urubani na Tom Campbell Black, kisha katika miaka ya 1930 akafanya kazi ya kurusha ndege ya kukodi kutoka Nairobi. Alitumia Avro Avian, ndege ndogo ya injini moja isiyo na redio. Alibeba barua, abiria na mizigo, tena aliwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani.

Viwanja vingi vilikuwa ardhi iliyofyekwa tu, na usiku rubani alitegemea moto uliowashwa chini. Injini ikizimika porini, aliweza kufa kwa kiu kabla ya kupatikana. Hatari hiyo inaonekana katika safari ya usiku ya kupeleka oksijeni kwa mgonjwa huko Nungwe, Tanganyika, na katika msako wa rubani mwenzake aliyepotea Serengeti.

Kitabu kinasimulia pia safari ya Septemba 1936, Markham aliporuka peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada kuvuka Atlantiki.

Baada ya kutolewa

Kitabu kilisahauliwa kwa miaka mingi, kikachapishwa upya mwaka 1983 na kupata wasomaji wengi. Wapo wanaodai kwamba kiliandikwa na mume wake wa tatu, Raoul Schumacher. Wengine wanapinga dai hilo.