Vipengele vya Hadithi Fupi: Istilahi na Matumizi Yake

Hadithi fupi ni utungo wa kubuni wa nathari unaosimulia tukio moja kuu, kwa wahusika wachache, katika muda uliobanwa. Mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, au wa kidato cha kwanza na cha pili, hutakiwa kuvitambua vipengele vyake kwa majina. Majina hayo yana utata kiasi, na mojawapo hubadilika maana likivuka mpaka wa nchi.

Tutumie kisa cha kubuni. Mahali ni Mang'ola, wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, ambako vitunguu hulimwa kwa maji ya chemchemi yanayogawiwa kwa mifereji. Binti wa kidato cha pili ameachiwa na mama yake mgonjwa auze mavuno. Mnunuzi anadai lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi kupita mdomo wake, kwa bei ya gunia la kawaida. Binti akikataa, vitunguu huenda vikaoza. Akikubali, atagawa bure jasho la mama yake.

Msuko, au ploti, ni mpangilio wa matukio unaoshikwa na sababu na matokeo. "Mvua ilinyesha, kisha mnunuzi akaja" ni mfuatano tu. "Mvua iliharibu barabara, mnunuzi akachelewa, ndipo binti akapata usiku mmoja wa kufikiri" ni msuko.

Wahusika hujulikana kwa matendo na maneno yao kuliko kwa sifa wanazopewa na msimulizi. Mhusika bapa habadiliki. Mhusika duara hubadilika kadiri kisa kinavyoendelea. Umoja wake ni mhusika, si "muhusika".

Mandhari ni mahali, wakati na hali ya jamii. Mang'ola hukutanisha Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na jamii za Kibantu, na Kiswahili huwaunganisha. Kwa hiyo mandhari haya si picha ya ziwa pekee: huamua pia mnunuzi atamsemesha binti kwa lugha gani, na nani pale sokoni ataelewa.

Mgogoro si lazima uwe ugomvi. Binti na mnunuzi wana mgogoro wa nje. Hofu ya binti na dhamiri yake vina mgogoro wa ndani. Mahali mvutano unapofikia upeo huitwa kilele.

Usimulizi huhusu anayesimulia. Binti akisema "niliushika mdomo wa gunia", tunajua anayoyajua yeye tu. Msimulizi wa nafsi ya tatu anaweza kutuingiza pia katika mawazo ya mnunuzi.

Dhamira ndiyo istilahi inayohitaji tahadhari zaidi. Katika mafunzo ya fasihi nchini Tanzania, dhamira ni wazo kuu la kazi, nayo ni sehemu ya maudhui pamoja na migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa. Nchini Kenya, mawazo hayo makuu kwa kawaida huitwa maudhui, na dhamira huwa ni lengo la mwandishi. Hivyo mwalimu wa Karatu anayetumia mwongozo wa Kenya wa diwani kama Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine hana budi kuwaeleza wanafunzi tofauti hiyo, la sivyo watajibu sahihi swali ambalo hawakuulizwa. Mfasiri naye aulize kwanza tafsiri yake itasomwa wapi.

Tena, dhamira si mada. "Biashara ya vitunguu" ni mada. "Mnyonge hupunjwa zaidi pale hofu inapomfanya akikubali kipimo cha mwenye nguvu" ni dhamira. Kipimo chepesi cha darasani ni hiki: mada huweza kutajwa kwa neno moja au mawili, dhamira huhitaji sentensi kamili, yenye kauli inayoweza kukubaliwa au kupingwa. Mwanafunzi aliyeandika "umaskini" na kuweka nukta bado hajataja dhamira. Aulizwe: umaskini umefanya nini, na kwa nani?