Jinsi Mmea Unavyoishi Nchi Kavu

 

Tuanzie kwenye ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba huku Upareni. Majini humo huota utando wa kijani. Uinue kwa kijiti: hulegea, na juani hukauka upesi. Hauna mizizi wala shina, kwa kuwa maji huubeba na kuulisha.

Mimea yote ya nchi kavu asili yake ni majini. Ilitoka huko zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita. Ili iishi, ilihitaji kufanya kazi tatu: kutafuta maji, kuyapandisha, na kuyatunza. Mizizi huyatafuta. Shina lina mirija myembamba ya kuyapandisha, tena huusimamisha mmea. Jani limefunikwa kwa nta ili lisikauke. Lina vitundu vidogo mno vya kupitishia hewa, lakini vikiwa wazi, maji nayo hutoka.

Sasa tupande mlima Shengena, katika msitu wa Chome. Huko kuna ukungu mwingi. Mimea midogo laini iliyofunika mawe na magogo kama zulia haina mizizi ya kweli, nayo huishi vema. Hunyonya maji kwa mwili wote.

Tushuke Same. Milima huzuia mvua itokayo baharini, hivyo uwanda ni mkavu. Mbuyu huweka akiba ya maji shinani, na wakati wa kiangazi hupukutisha majani. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893, hufungua vitundu vyake usiku penye ubaridi, na mchana huvifunga.

Je, elimu hii yatufaa nini? Mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua, magunzi hubaki bila punje. Mtama una nta nyingi na mizizi iendayo mbali. Mvua ikikatika, huacha kukua ukaingoja. Basi mkulima wa uwandani asiye na mfereji asitegemee mahindi peke yake. Apande na mtama, watoto wapate chakula.

Kazi ya nyumbani: ingiza kijitawi chenye majani katika chupa kavu bila kukikata. Ziba mdomo wa chupa kwa kitambaa, uiache juani tangu asubuhi hadi mchana. Tazama ndani. Matone utakayoyaona yametoka wapi? Andika jibu katika daftari, mlizungumze darasani.

Kwaherini.