Askari na Kilio cha Mtoto Mchanga

Askari arudipo kutoka lindo la usiku hapa Juba, mara nyingi hukuta joto la mchana lingali ndani ya nyumba na mtoto mchanga akilia bila kukoma. Mama amekwisha kumnyonyesha na kumbadili nepi, bado analia. Ndipo mtu aliyezoea kutamka neno moja na kikosi kizima kikatulia anapojiona hana amri nyumbani mwake.

Ndugu zetu wa Jeshi na Polisi hawana budi kufahamu kwamba mtoto huyo haasi. Watoto wengi huanza kulia zaidi wafikapo majuma 2, kilio hufikia kilele karibu na juma la 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4.

Itazamwe kwanza njaa, nepi na joto. Mara ngapi tumeona mtoto kavikwa sweta na kofia adhuhuri, eti asipate baridi! Avuliwe. Wala asipewe maji; kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama humtosha.

Kisha abebwe. Bibi zetu walilijua hilo zamani, na mwaka 1986 uchunguzi wa Hunziker na Barr uliofanywa Montreal, Kanada, ulionyesha kwamba watoto waliobebwa zaidi walilia pungufu kwa asilimia 43 walipotimiza majuma 6. Mwaka 2022 wataalamu wa Japani walishauri kutembea na mtoto dakika 5, na akisinzia, kuketi naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Askari aliyezoea doria hashindwi na dakika 5 za uani.

Hatari kubwa ni hasira. Mtoto asitikiswe kamwe! Shingo yake ni dhaifu na kichwa ni kizito. Mtikiso wa sekunde chache waweza kupasua mishipa ya damu kichwani, akapofuka, akalemaa au akafa, pasiwe na jeraha lolote la nje. Baba aonapo uvumilivu umemwishia, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje avute pumzi, amwite mama au jirani, na arudi baada ya dakika chache. Kuondoka kwa namna hiyo si utoro.

Lakini mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa, au anayekataa kunyonya, asingojewe hata kupambazuke. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Ile ya watoto ya Al Sabah ipo hapa hapa mjini.