Sekunde Zinazookoa Kifaru
Jinsi kompyuta inavyotumika kupima vyombo vya kuonya dhidi ya leza

Tangu zamani askari wa vifaru wamejifunza kuhofia kile wanachokisikia: mlio wa mzinga, mvumo wa ndege, mlipuko wa bomu lililotegwa ardhini. Lakini kwa muda wa nusu karne sasa, hatari ya kifaru mara nyingi hutanguliwa na kitu kisicho na sauti wala kisichoonekana kwa macho. Kitu hicho ni mwale wa leza. Adui hukimulika kifaru kwa mwale huo ili apime umbali au aongoze kombora, na wale walio ndani ya chuma hawana habari kwamba wamekwisha kupimwa.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman, mwanasayansi wa Marekani, tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California. Haikuchukua muda mrefu majeshi yakaitwaa. Mwezi Mei 1972, katika vita vya Vietnam, ndege za Marekani zilivunja daraja la Thanh Hoa kwa mabomu yaliyoongozwa na leza. Daraja hilo lilikuwa limeshambuliwa tangu mwaka 1965 bila ya kuanguka. Ama kwa upande wa vifaru, Leopard 2 cha Ujerumani Magharibi, kilichoanza kazi mwaka 1979, na M1 Abrams cha Marekani, kilichofuata mwaka 1980, vilipewa vipima umbali vya leza. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukitumwa kwenye shabaha iliyo umbali wa kilomita 2 na kurudi, hutumia sehemu 13 tu za milioni ya sekunde. Kwa hesabu hiyo mpigaji mzinga huujua umbali barabara, na aghalabu risasi yake ya kwanza haiendi bure.

JICHO LA KUONYA

Ili kuikabili hatari hiyo, wahandisi walibuni kitambuzi cha leza. Ni mfano wa jicho dogo lililofungwa nje ya kifaru, ambalo likiguswa na mwanga wa leza hulia ndani na kumwonyesha kamanda upande ulikotoka. Warusi, katika vifaru vya T-90 vilivyoingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliunganisha vitambuzi hivyo na mitungi ya kutupa moshi. Mtambo huo waliuita Shtora, neno ambalo kwa Kirusi maana yake ni pazia. Leza ikitambuliwa, moshi wa namna ya pekee hutanda kwa muda wa sekunde 3 hivi, ukadumu kadiri ya sekunde 20, na kifaru hupata nafasi ya kuhama mahali pake.

Je, sekunde hizo zatosha? Jibu hutegemea silaha inayokuja. Kombora linalokwenda mita 250 kwa sekunde, likirushwa kutoka umbali wa kilomita 4, litachukua sekunde 16 kufika. Hapo pazia la moshi lina nafasi ya kufanya kazi yake. Lakini risasi ya mzinga wa kifaru inayokwenda mita 1,600 kwa sekunde huzimaliza kilomita 2 kwa sekunde moja na robo. Ikiwa adui atapiga mara tu baada ya kupima, moshi utatanda juu ya kifaru kilichokwisha kupigwa. Ikiwa atakawia sekunde 4 au 5 kuelekeza shabaha yake, walio ndani wanaweza kuokoka. Kwa hiyo swali la kifaru na leza ni swali la saa, tena saa ya sekunde.

VITA NDANI YA KOMPYUTA

Swali kama hilo haliwezi kujibiwa kwa kuwaweka askari ndani ya kifaru na kuwapiga. Hata kuwamulika kwa leza tupu kuna madhara, kwani leza za kijeshi za aina iliyoenea zaidi zina mwanga usioonekana unaopenya jicho na kuunguza sehemu yake ya nyuma. Ndiyo sababu wataalamu wameigeukia kompyuta.

Kompyuta na mizinga ni ndugu wa siku nyingi. ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza duniani, iliyoonyeshwa hadharani Februari 1946, iligharimiwa na jeshi la Marekani ili ikokotoe majedwali ya kulengea mizinga kwa ajili ya maabara yake ya Aberdeen, Maryland. Katika maabara hiyo hiyo, mwaka 1979, Mike Muuss alianza kuandika programu iitwayo BRL-CAD. Programu hiyo huchora kifaru kizima ndani ya kompyuta, bamba kwa bamba, kisha hupitisha mistari iliyonyooka kutoka kila upande ili kuona ni nini kitakachoguswa. Mstari huo waweza kuwa njia ya risasi; waweza vile vile kuwa njia ya mwale wa leza.

Mtaalamu wa vitambuzi huanza kwa kukichora kifaru pamoja na kila kinachoweza kuziba jicho la kitambuzi: mlango wa juu ulioachwa wazi, bunduki ya rashasha, hata mizigo ya askari iliyofungwa nje. Pili, huuchora mwale wenyewe: nguvu yake, muda wake na jinsi unavyotanuka. Tatu, huweka hewa pamoja na vumbi, ukungu na joto la mchana linalotikisa mwanga. Mwisho, huweka kitambuzi na wanadamu: kiasi cha mwanga kinachohitajika ili king'ora kilie, na muda anaohitaji kamanda kuamua.

Kisha kompyuta hupewa kazi ya kulirudia shambulio hilo mara maelfu, kila mara ikibadilisha umbali, pembe na hali ya hewa kwa bahati nasibu. Njia hiyo huitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa Monaco wenye sifa ya kamari. Ilibuniwa katika miaka ya 1940 na Stanislaw Ulam na John von Neumann. Baada ya mashambulio hayo yote kinachohesabiwa ni kitu kimoja: ni mara ngapi onyo lilifika mapema kiasi cha kumfaa askari.

KINACHOFUNULIWA

Hesabu za namna hii hufunua mambo yasiyoonekana kwa urahisi. Tuchukue mfano wa mwale unaotanuka nusu mita kwa kila kilomita. Ukifika kilomita 2, doa lake lina upana wa mita moja tu, ilhali kifaru kina upana wa zaidi ya mita 3 na urefu mkubwa kuliko huo. Doa laweza kuangukia tumbo la kifaru huku kitambuzi kilicho juu ya mnara wa mzinga hakikuguswa kabisa. Basi kitambuzi hakina budi kunasa mwanga hafifu uliotawanywa na vumbi au uliorudishwa na bamba za chuma.

Lakini jicho kali lina taabu yake. Kitambuzi kinachonasa mwanga hafifu sana chaweza kulia kwa mng'ao wa jua juu ya kioo, kwa radi, kwa mmweko wa mizinga, au kwa kipima umbali cha kifaru cha wenzao. Mbwa anayebweka kila jani linapoanguka, mwenye nyumba humzoea. Na usiku mwizi ajapo, hakuna anayeamka. Vivyo hivyo askari waliochoshwa na kelele za uongo hushawishika kuuzima mtambo. Kazi kubwa ya mtaalamu ni kutafuta mahali pa katikati, ambapo kitambuzi hakipitwi na hatari nyingi wala hakipotezi imani ya wale wanaokitegemea.

Kompyuta hufunua pia mipaka ya chombo chenyewe. Yapo makombora yanayopanda mwale, yaani yenye kipokezi mkiani kinachotazama nyuma kwa yule aliyeyarusha. Leza yake huwa dhaifu mno inapofika kwenye kifaru, na kuinasa ni kazi ngumu. Aidha, vita vya Ukraine, vilivyopanuka tangu Februari 2022, vimeonyesha ndege ndogo zisizo na rubani zikiangukia vifaru zikiongozwa kwa kamera. Hizo hazihitaji leza, na kitambuzi cha leza hakina cha kusema juu yake. Nyumba yenye komeo imara kwenye mlango mmoja bado ina madirisha.

MWISHO WA HESABU

Isidhaniwe kwamba kompyuta ni mganga. Huvuna kile ilichopandiwa. Mtaalamu akiweka vumbi la jangwani mahali penye ukungu wa msituni, jibu litatoka likiwa nadhifu na la uongo. Kwa hiyo kila hesabu hulazimika kupelekwa uwanjani: leza halisi, kifaru halisi, mvua na jua halisi, pasipo mtu wa kudhuriwa. Matokeo ya uwanja yakipingana na ya mashine, ni mashine inayosahihishwa.

Jambo la mwisho lawahusu askari wenyewe. Katika hesabu zote hizi, sehemu kubwa ya muda haipotei ndani ya waya, maana kitambuzi hunusa leza kwa muda mdogo kuliko kupepesa kope. Muda hupotea kati ya sikio la kamanda na mkono wa dereva. Wafanyakazi wa kifaru ambao hawajazoezwa huulizana, "Ni nini hicho?" Waliozoezwa huwa wamekwisha geuza kifaru na kurudi nyuma ya kilima. Fundi aweza kumpa askari onyo la sekunde 5. Mazoezi ya kila siku ndiyo yanayoamua kama sekunde hizo zitatumika au zitapotea, na kama watu watatu au wanne waliomo ndani ya chuma watarudi kwa wake na watoto wao.